Msaada: mita inasoma EV 12, filamu ni ISO 400, niweke namba gani kwenye lenzi?

Kijana_6x6:
Wakuu, habari zenu. Natumia kamera ya Hasselblad 500C/M na lenzi ya 80 mm ya C, ile yenye namba za EV (namba moja inayounganisha tundu la lenzi na kasi ya shata). Nampiga bwana harusi na bibi harusi kivulini, chini ya mwembe. Mita ya mkononi ya kupima mwanga inasoma 12, naweka 12, lakini negativu zinatoka nzito mno, yaani zimekula mwanga kupita kiasi, shela halina hata mkunjo mmoja. Filamu ni nyeusi na nyeupe, ISO 400 (wepesi wake wa kushika mwanga), na mbele kuna filta ya njano. Nakosea wapi?

Fundi Shata:
Usiilaumu mita kabla ya kuijaribu. Kwenye mwanga usiobadilika weka ISO 100, soma. Usisogee, weka ISO 400, soma tena. EV ikipanda kwa 2, mita inahesabu ISO, wewe unaihamishia tu kwenye lenzi. Isipopanda, inakupa EV ya ISO 100 siku zote, na kuongeza ni juu yako: ISO 200 ongeza 1, 400 ongeza 2, 800 ongeza 3.

Kijana_6x6:
Nimejaribu, haipandi. Kwa hiyo ni 14?

Bi Negativu:
Hapana, kuna filta. Ya njano ya kawaida inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na hapo unapunguza EV: 14 inakuwa 13. Wengi huteleza hapa. Kwenye lenzi namba kubwa ni mwanga mchache kuingia, kwa hiyo chochote kinachokula mwanga kinaishusha namba. 13 ni tundu la f/8 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde, au f/5.6 kwa 1/250, au f/4 kwa 1/500. Pete za lenzi ya C zimefungamana. Ukizungusha zinakwenda pamoja na EV inabaki ileile. Kubadilisha EV ndipo unavuta kile kilimi kuzitenganisha.

Ila mdogo wangu, kutoka 12 hadi 13 ni stopu moja tu. Stopu moja haiwezi kulifuta shela kwenye filamu hiyo. Unapima ukiwa wapi, na ile kuba nyeupe iko juu ya jicho la mita?

Kijana_6x6:
Nasimama kwenye kamera, kuba nimeisogeza pembeni, naielekeza mita kwa bwana harusi. Kavaa suti nyeusi.

Bi Negativu:
Basi tumempata mwizi. Bila kuba mita inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na inachukulia kila kitu ni kijivu cha kati. Suti nyeusi inaiona kama giza, EV inashuka, stopu mbili hivi. Ungeielekeza kwenye shela ingepanda, na nyuso zingezama.

Rudisha kuba. Nenda hadi usoni mwao, elekeza kuba kwenye lenzi, si kwenye jua, na mwili wako usiizibe. Hapo suti, shela na rangi ya ngozi havibadilishi namba. Ikisoma 14, fanya 14 + 2 − 1, weka 15.

Fundi Shata:
Naongezea: kama hapo wanaguswa na vipande vya jua vinavyopenya majani, kuba itavichanganya na kivuli. Wasogeze kwenye kivuli kizima kwanza, kisha pima upya. Na shata za lenzi hizo zimezeeka. Weka kasi ya sekunde 1 uisikilize shata, ikivuta hadi sekunde 2 peleka ikasafishwe.