Transfoma ya 49:1 inachemka ingawa SWR ni 1.3

Waya40: Wakuu, antena ni waya wa mita 20 unaolishwa mwishoni. Transfoma ni pete moja ya feraiti, FT240-43, mizunguko 2 kwa 14 (1:7, ndiyo 49:1 ya ukinzani), kapasita ya pF 100 upande wa redio. SSB (sauti) ya wati 100 haina shida. FT8 (ujumbe wa kidijitali) kwa wati hizo hizo, bendi ya mita 40, dakika kumi tu SWR (kipimo cha nguvu inayorudi redioni, 1.0 ndiyo bora) inapanda kutoka 1.3 hadi kupita 3. Ikipoa inarudi. Tatizo ni waya au pete?

Desibeli: Pete, mkuu. Feraiti namba 43 ikivuka nyuzi 130 na kitu hupoteza usumaku, induktansi inaporomoka, SWR inaruka. FT8 inarusha nguvu kamili karibu sekunde 13 mfululizo katika kila 30, zamu moja kurusha, moja kusikiliza. SSB ina mapumziko mengi kati ya maneno.

Hiyo 1.3 isikudanganye. Rezista ya ohm 50 inatoa 1.0 safi na haifiki hata kwa jirani. Pima: rezista ya ohm 2400 (isiwe ya waya wa kuviringwa) kutoka upande wa antena hadi mlango wa pili wa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena na saketi), upande wa redio kwenye mlango wa kwanza, miguu mifupi, graundi zote pamoja. Mlango una ohm 50, jumla 2450, yaani 50 mara 49. Transfoma isiyopoteza kitu ingesoma S21 (nguvu inayofika mlango wa pili) ya desibeli −16.9. Ukipata −17.9, desibeli moja imeliwa, yaani wati 21 kati ya 100. Angalia na S11 (nguvu inayorudi mlango wa kwanza) kwanza, usije ukahesabu nguvu iliyorudishwa kama joto.

Pete2: Ongeza pete ya pili juu ya hiyo, mizunguko ibaki 2 kwa 14. Joto la feraiti linapungua nusu, na kwa kuwa pete ni mbili kila moja inabeba robo.

Waya40: Pete ya pili sina. Je, 3 kwa 21?

Desibeli: Inafaa: joto linashuka hadi kama asilimia 44 ya sasa. Gharama yake utaiona bendi za mita 15 na 10, waya mrefu zaidi kwenye pete unavujisha sumaku zaidi na kapasita utalazimika kuichagua upya. Iwe ya kV 1 au zaidi. Kwa FT8 shusha hadi wati 30 kwa sasa, na hilo sanduku, kama ni jeusi na liko juani, lihamishie kivulini.