Historia ya kale ya India: nianze na Kisanskriti au akiolojia?

Msomi_Moro: Habarini wakuu. Nimemaliza digrii ya historia, natamani uzamili wa India ya kale. Mwalimu mmoja kasema bila Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya India, nisijisumbue. Mwenzangu anadai siku hizi akiolojia na vinasaba (DNA) vinatosha. Nishike lipi?

BintiSimba: Mdogo wangu, anza na lugha. Nilipokuwa nasoma Pune nilikwenda Junagadh, Gujarat, kuliona jabali lililo chini ya mlima Girnar. Limechongwa maandishi ya tawala tatu. Ya mfalme Ashoka, karne ya 3 KK, ni Kiprakriti, lugha ya watu wa kawaida iliyo ndugu ya Kisanskriti. Ya mfalme Rudradaman, yapata mwaka 150 BK, ni Kisanskriti safi: yanasimulia bwawa la Sudarshana lililojengwa na liwali wa mfalme Chandragupta Maurya, dhoruba ikalibomoa, Rudradaman akalijenga upya. Karne ya 5, enzi za mfalme Skandagupta, likapasuka tena, na tukio hilo likaandikwa kwenye jabali lilelile. Nani alitawala, nani alijenga, nani alilipia, yote yamo mle. Nilisimama pale nasoma mstari kwa mstari, na hakuna tafsiri iliyowahi kunipa kitu kama kile.

Mzee_Kongwa: Na Harappa, ule mji wa kale wa bonde la Indus, je, binti? Maandishi ya bonde la Indus hayajasomwa na mtu hadi leo. Mifereji ya maji machafu ya mji mwenzake, Mohenjo-daro, na mawe yao ya kupimia uzito tumevijua kwa kuchimba tu.

BintiSimba: Kweli mzee wangu, huko Kisanskriti hakifiki. Hata huyo Ashoka, miaka yake tumeipata kwa Wagiriki: tamko lake la 13 linawataja Antiochus, Ptolemy na Magas, wafalme wa Kigiriki ambao nyakati zao zinajulikana. Vinasaba navyo navithamini. Mwaka 2019 vilichapishwa vya mwanamke mmoja aliyezikwa Rakhigarhi, mji mwingine wa ustaarabu huo wa Indus, vikatueleza asili yake. Lakini alizungumza lugha gani, mfupa hausemi, na nakereka watu wanapoulazimisha useme.

Msomi_Moro: Asante sana dada. Kwa hiyo mwaka wa kwanza niupangeje?

BintiSimba: Kisanskriti kila siku, hata saa moja. Kikikaa, Kiprakriti hakitakusumbua. Halafu hati ya Brahmi, mwandiko wa maandishi hayo ya Ashoka, ile aliyoifumbua James Prinsep mwaka 1837. Na likizo ikifika, omba kujitolea kwenye uchimbaji wowote, hata wa hapa nyumbani, ujifunze kusoma matabaka ya udongo.