Tumeuziwa boriti mbichi zilizopakwa oili chafu kwa jina la mbao za dawa (Ilboru, Arusha)

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha.

Bustani yetu hapa Ilboru iko kwenye mteremko, na ngazi inayoshuka hadi getini ilijengwa zamani kwa mataruma ya reli. Yalikuwa yamechoka: mengine yamepasuka, mengine yameoza upande unaogusa udongo, na jua likiwa kali yalitoa mafuta meusi ya kreosoti yaliyoganda kwenye nguo na ngozi za watoto wanaopenda kukaa hapo. Kreosoti, dawa ya kuzuia mbao isioze, hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Kwa hiyo tulikubaliana na karakana moja ya mjini, kwa maandishi, kwamba mataruma yote yang'olewe na nafasi yake ichukuliwe na boriti za paini zilizotiwa dawa kiwandani.

Tulicholetewa ni paini mbichi iliyopakwa oili chafu ya magari. Fundi alipokata boriti moja ili ienee kwenye kona, ndani palikuwa peupe kabisa, na weusi wote ulikuwa juu juu tu, haukufikia hata unene wa ukucha. Mbao iliyosukumiwa dawa kwa mtambo huonyesha rangi ya dawa hiyo, mara nyingi ukijani, ikiwa imepenya ndani, na ncha inayokatwa saiti hupakwa dawa upya kwa sababu hapo ndipo maji na wadudu huanzia. Nilipomhoji alinijibu, "Mama, oili ndiyo dawa yenyewe, mchwa hawaisogelei." Masika hayajaisha, mchwa wamekwishajenga vichuguu vyao chini ya vidato vya katikati, na oili yenyewe imeoshwa na mvua ikaingia kwenye matuta ya mchicha.

Ulazaji nao ni aibu. Boriti zimewekwa juu ya udongo mtupu, bila kokoto za kupitisha maji na bila nondo za kuzishikilia ardhini, ilhali kila anayeishi huku chini ya Meru anajua mvua ya Aprili inavyoteremka. Maji yamechimba nyuma ya kila kidato, na vimo sasa havilingani: kimoja kina sentimita 14, kinachofuata 22. Mguu wa binadamu huzoea kimo cha kidato cha kwanza na kutegemea hichohicho mbele, na mama mkwe wangu, mwenye umri wa kuheshimiwa, ameteguka kifundo kwa sababu hiyo.

Lililonikera kuliko yote ni mataruma ya zamani. Mkataba ulitaka yaondolewe kwa uangalifu. Wao wameyakatakata na kuyagawa kuni kwa mama lishe wa barabarani, ambao wamekuwa wakivuta moshi wa kreosoti na kuupitisha kwenye chakula cha watu. Nimekwenda mwenyewe kuwaeleza akina mama hao, na waliobakiwa na vipande wameviweka kando.

Mwenye karakana anasema mvua ni ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, lakini oili chafu aliipaka yeye. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na nimemwandikia barua nikidai arudishe fedha za boriti zote, alipe gharama ya matibabu na aziondoe takataka zake bustanini. Asipojibu, nitapeleka mkataba na kipande kile cheupe kwenye Tume ya Ushindani.

Mnaomfahamu muuzaji wa mbao za dawa, Arusha au Moshi, anayekubali kukata kipande mbele ya mteja kabla ya kupokea fedha, naomba mnielekeze. Na aliyejenga ngazi ya bustani kwa mawe yetu ya huku, badala ya mbao, anieleze alizuiaje maji kuchimba nyuma ya vidato.