Tupeane uzoefu: dakika za kawaida ulizokaa na mtu wako, kumbe ndo zilikuwa zinaisha

Mtoa mada:
Wakuu habari zenu. Juzi tumemaliza arobaini ya mzee nikasema acha nilitoe hili. Mzee figo zilifeli zote mbili, so ilikuwa ni kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila ukienda ni masaa manne kwenye mashine, na dereva wake ni mimi. Miezi nane hiyo niliona kama nimefungwa jela. Sindano zikishaingia mkononi mi naweka earphone nacheki mpira au nasinzia kwenye kiti. Siku moja simu ikazima chaji ikabidi tuongee tu, mzee akaanza kunipigia stori za alivyokuwa utingo wa lori la Dar-Tunduma miaka ya 80, breki zinavyonuka mkishuka Kitonga, huku ananyonya kipande cha barafu maana maji yenyewe anapimiwa. Sijawahi kuzisikia wallah! Toka siku hiyo simu naiacha kwenye gari makusudi. Nikapata wiki sita tu za hizo stori. Leteni zenu.

Mpemba wa mjini:
Pole sana kaka. Mie mwaka 2011, ile meli iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba ikenda Pemba, alikuwemo ndugu yangu. Jioni yake tulikuwa Darajani twala urojo, akanambia nisindikize bandarini, nkamwambia we mtu mzima bwana nenda. Na hapo kwa miguu hata robo saa haifiki, na sikuwa na kazi yoyote, nangoja urojo upoe. Siku hizi mgeni akitoka kwangu namsindikiza hata kama aenda dukani, wanangu wanancheka.

Dada wa Muscat:
Mi niko Oman kazi za ndani mwaka wa tatu. Mama alikuwa hajui kuandika kwahiyo ni voice tu, dakika nne anaongelea kuku, jirani na bei ya mkaa, na mi nazisikiliza kwa spidi ya mbili maana madam anaita. Alifariki alfajiri akazikwa alasiri, mazishi nimeyaona kwenye video call mtandao unakatakata, nimejifungia chooni. Voice zake ninazo 61. Sasa hivi nasikiliza kwa spidi yake ya kawaida, kuna moja anakatisha maneno anamfukuza jogoo "ishia huko we!" hiyo nimeirudia sijui mara ngapi.

Baba wa binti mmoja:
Poleni wote. Ila huu msemo wa ishi kila siku kama ya mwisho tuambiane ukweli, mi baada ya kufiwa na mke niliufuata, nikala bata miezi mitatu nikaishia kuuza pikipiki 😂 Kilichonituliza ni kumsuka binti asubuhi kabla ya shule. Nasuka vibaya, mistari inapinda, yeye anataka twende kilioni (jina lenyewe sasa!) na muda wote huo anapiga domo kuhusu nani kamnyang'anya nani penseli. Zamani ningempeleka saluni nimalize kazi.

Nesi mstaafu:
Wodini nilichokiona, wagonjwa wengi mwishoni hawaulizi habari za nyumba wala viwanja, wanauliza nani amekuja.

Mpemba wa mjini:
Mtoa mada, na ile stori ya Kitonga iliishaje? Lori lilisalimika?

Mtoa mada:
Mkuu hapo umenigusa. Alifika pale breki zimekata, dereva anamwambia ruka, mara nesi akaja kuchomoa sindano, mzee akasema ntakumalizia Jumatano. Jumatano hatukwenda tena. Majuzi nikampigia aliyekuwa dereva wake, yupo Makambako, mzee sana, nikamuuliza ilikuwaje siku ile breki zilipokata. Kakaa kimya weee, halafu akasema lile lori halijawahi kukata breki hata siku moja, baba yako alikuwa muongo balaa. Nimecheka mpaka wife akaja kuniangalia.