Moyo uliotanuka, CRP iko juu: kwa nini tusimpe prednisoloni?

Tabibu_Mpwapwa
Wakuu, habari za kazi. Naomba ufafanuzi kwa mnaoshinda kliniki za moyo. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 38, moyo umetanuka, EF (sehemu ya damu ambayo moyo unaisukuma nje kwa kila pigo) asilimia 25, mishipa ya moyo haijaziba, presha 104/66. CRP, kipimo cha damu cha mchochota, ni 22. Tunafundishwa kwamba mchochota (inflammation) unaharibu misuli ya moyo hata mishipa ikiwa mizima. Kama ndivyo, mbona miongozo haisemi tuuzime kwa prednisoloni, dawa ya steroidi?

DktMoyo_Dom
Tabibu, mchochota upo kweli. Misuli ikiumizwa na virusi, pombe au presha ya muda mrefu, makrofeji, yaani chembe za kinga, huingia na kumwaga kemikali za mchochota kama TNF na interlukini 6. Hizo hudhoofisha seli zisijikunje vizuri, kisha huacha makovu yanayoukakamaza moyo. Kuna jambo jingine linasahaulika sana: maji yakijaa mwilini, ukuta wa utumbo nao huvimba, sumu za bakteria hupenya hadi kwenye damu na mchochota hupanda tena. Kwa hiyo kumtoa mgonjwa maji kwa furosemaidi, dawa ya kukojoa, nako ni kuutibu.

Kuuzima mchochota kwa jumla kulishajaribiwa. Matokeo ya infliksimabu, inayofunga TNF, yalitoka mwaka 2003: waliopewa miligramu 10 kwa kilo walilazwa na kufa zaidi. Etanasepti nayo haikusaidia. Prednisoloni inabakiza chumvi na maji, inapandisha sukari, na huku kwetu inaamsha TB iliyolala.

Halafu CRP 22 haikuelekezi kwenye moyo. Nimonia, TB, hata kidonda cha mguu kinatosha kuipandisha. Tafuta chanzo: VVU, tezi ya shingo, pombe anakunywa kiasi gani, valvu zikoje kwenye eko (ultrasound ya moyo). Steroidi zina nafasi pale kinyama cha moyo kikipimwa na kuonyesha mchochota bila virusi, au sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya mchochota), au myokadaitisi (mchochota wa misuli ya moyo) ya seli kubwa. Ukiona moyo umefeli ndani ya siku au wiki chache, ECG ina bloku (umeme wa moyo unakwama njiani), au mapigo ya ventrikali yanavurugika, usikae naye. Piga simu kwa daktari wa moyo wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, siku hiyohiyo.

Mfamasia_AreaC
Naongezea la dukani, maana hapa ndipo wagonjwa wanapoumia. Miguu ikivimba na kuuma, mtu anajinunulia diklofenaki. Dawa hiyo inazuia prostaglandini ambazo figo inazitegemea kutoa chumvi. Ukiichanganya na enalaprili, dawa ya moyo na presha, na furosemaidi, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Maumivu apewe parasetamoli.

Muulizeni pia habari ya magadi. Mgonjwa ataapa kwamba hatii chumvi, na ni kweli, lakini mlenda wa nyumbani unapikwa kwa magadi kila siku, na magadi ni sodiamu.

Tabibu_Mpwapwa
Asanteni sana. La magadi sikuwahi kuliuliza. Potasiamu yake ni 4.6, sasa nianzie wapi?

DktMoyo_Dom
Enalaprili 2.5 mg mara mbili kwa siku, spironolaktoni 12.5 mg kwa sababu presha yake iko chini, na dapagliflozini 10 mg ikipatikana. Kavediloli, dawa inayopunguza kasi ya mapigo, isubiri mapafu yakauke. Ukimpa wakati bado analala ameketi, utamzamisha. Akitulia, 3.125 mg mara mbili, na uiongeze maradufu kila wiki 2 kadiri presha na mapigo yanavyoruhusu.

Rudia potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1, kisha wiki 4. Potasiamu ikivuka 5.5 punguza spironolaktoni nusu, ikifika 6.0 isimamishe. Ajipime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, arudi bila kusubiri tarehe yake.

Ikithibitika ni myokadaitisi, jembe na mizigo aviache miezi 3 hadi 6, hata kama msimu wa kulima uwele umefika. Ndugu zake waelezwe hilo pamoja naye, la sivyo atarudi shambani.