Jordan 1 Lost and Found kwa laki tatu na nusu, nivute au nikimbie?

dogo_wa_mbagala: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa ananiuzia raba za Nike, Jordan 1 zile nyekundu na nyeupe, anaziita Lost and Found, saizi 43, laki tatu na nusu, anasema shemeji yake kaja nazo kutoka Marekani. Nimeenda kuziona ndo nikachanganyikiwa, kifuniko cha boksi hakifanani kabisa na boksi lenyewe yani kama vimeokotwa sehemu mbili, ngozi nyeusi ya shingoni ishapasukapasuka wakati anadai hazijavaliwa ata siku moja, soli imepauka, alafu ndani kuna risiti ya duka ya kizamani mno. Kilichonipa moyo ni tagi ya kijani ya StockX, ule mtandao wa kuuzia raba unaokagua kwanza kama ni orijino, na lebo ya saizi ndani imeshonwa safi ina namba zote. Hela yenyewe ya mchezo jamani.

chuma_ulete: Ngozi imepasuka na bado unauliza?? Feki hiyo, kimbia

fundi_raba: Chuma taratibu. Hivyo vyote vilivyomtisha ndivyo zilivyotoka kiwandani. Lost and Found zilitoka Novemba 2022 kwa dola 180, na wazo lao lilikuwa zifanane na Jordan za 1985 zilizosahaulika stoo ya duka, kwahiyo mpasuko wa shingoni, soli ya krimu, kifuniko kisichofanana na ile risiti, vyote ni makusudi. Kama ngozi ingekuwa imenyooka inang'aa hapo ndo ningeogopa.

Ila dogo, mimi kinachonitia shaka ni hivyo vilivyokupa moyo. Tagi usiihesabu kabisa, zinauzwa zenyewe mtandaoni kama vifungo vya shati. Na ata ingekuwa tagi ya kweli, Nike walishaipeleka StockX mahakamani 2022 wakasema wamenunua humo pea 4 feki, sasa kama wenye kiwanda yanawakuta hayo sembuse sisi. Rudi ukasome lebo, kuna namba ya modeli, tarakimu au herufi jumla sita, kistari, alafu tarakimu tatu. Niletee hiyo.

msee_wa_kamera: Niko Nairobi, nimeuza viatu Gikomba miaka kadhaa. Naongezea tu, chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, mulika pembeni mwa tiki na juu ya soli. Feki nyingi utaona mistari ya kuchorea mshono na gundi imemwagika mwagika. Lakini usimhukumu mtu kwa hiyo pekee, orijino pia huwa na gundi kidogo. Halafu iangalie kwa nyuma, Jordan 1 ya ukweli ina kiuno, feki nyingi zimesimama wima kama gumboot. Na nembo ya mabawa pitisha kidole, inafaa uisikie imezama kwa ngozi.

dogo_wa_mbagala: Nimerudi leo. Kiuno sijui kama nakijua vizuri ila mabawa yako juujuu tu kama yamechapwa. Tochi sikupata, wakala alikuwa kafunga. Namba ya kwenye lebo ni 555088-101, ya kwenye boksi ni DZ5485-612. Zinatakiwa zifanane au?

fundi_raba: Hapo imeisha. DZ5485-612 ndo Lost and Found yenyewe. 555088-101 ni Jordan 1 Chicago ya 2015, rangi zinafanana ila ni toleo lingine kabisa, na ile haikutoka na ngozi ya kupasuka. Aliyetengeneza hiyo alikuwa na lebo za feki zake za zamani akaona azimalizie humo, akijua wateja wengi tunaangalia kama imeshonwa vizuri hatusomi imeandikwa nini. Ndo maana mi lebo huwa naanza nayo kabla ata sijanusa kiatu.

chuma_ulete: Kwahiyo nilikuwa sahihi 😎

fundi_raba: Ulipatia jibu kwa njia ya kukosea mkuu

dogo_wa_mbagala: Nimempigia nikamuuliza tu kwanini namba hazifanani, sijatamka feki wala nini, kanyamaza kidogo alafu kasema basi lete themanini 😂

msee_wa_kamera: Na shemeji wa Marekani ameenda wapi?

chuma_ulete: Themanini bado anakupiga, Kariakoo hizo hizo hamsini na unachagua rangi