Tupeane uzoefu: fantasia na riwaya za vijana ulizosoma karibuni, kipi kilikushika na kipi kilikuangusha?

Kurasa za Usiku

Habari zenu wadau. Miezi mitatu hii nimekuwa nikisoma fantasia na riwaya za vijana tu, moja ikiisha nashika nyingine, na kichwa kimejaa, nahitaji watu wa kuongea nao. Sitaki muhtasari wa nyuma ya jalada, huo kila mtu anaweza kuusoma mwenyewe. Nataka mseme ni wapi hasa mlishikwa, au ni ukurasa gani uliwafanya mfunge kitabu kwa hasira. Tutataja miisho humu, kwa hiyo asiyependa kujua mapema asogee.

Naanza na *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968. Ni kitabu chembamba. Ged ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, ana kipaji kikubwa na kiburi kinacholingana nacho. Anapelekwa chuo cha Roke, huko kijana mwenzake anamchokoza, naye ili aonyeshe uwezo anaita roho ya mtu aliyekufa zamani. Pamoja na roho hiyo kinapenya kivuli, kinamrarua uso, na mkuu wa chuo anakufa kwa kazi ya kuuziba ule ufa. Niliisoma sura hiyo, nikarudi mwanzo wake nikaisoma tena kabla sijaendelea.

Kilichonishika ni kwamba nguvu ina bei na anayelipa si Ged peke yake. Mzee wa watu amekufa kwa sababu kijana mmoja alitaka kushangiliwa. Baada ya hapo Ged hasemi hovyo tena, kila neno analipima, na mimi msomaji nikajikuta nalipima pamoja naye. Nimesoma nyingine mbili hivi karibuni, sitazitaja, ambamo mtu ananyoosha mkono, moto unatoka, adui kaanguka, sura imekwisha. Hakuna aliyechoka wala aliyepoteza kitu. Nikifika kurasa za mwisho za vitabu vya namna hiyo huwa siogopi tena, na fantasia isiyonitia hofu hata kidogo naiona imenidhulumu. Karibuni.

Mlinda Majoka

Kwenye bei niko nawe mkuu, ila niongeze jambo la lugha ambalo limenisumbua tangu nianze kusoma vitabu hivi. Kwetu mchawi ni mtu mbaya. Mchawi anaroga, mganga anaagua. Sasa ukisoma kuhusu chuo cha kufundishia vijana uchawi, na walimu wake ni watu wema wenye ndevu nyeupe, akili inagoma kidogo mwanzoni. Nilipomsimulia mama kitabu chako hicho cha Ged niliishia kusema "mjuzi wa majina", kwa sababu ndivyo alivyo: akijua jina la kweli la kitu, kitu kinamtii. Mama akaelewa papo hapo. Ningesema mchawi angeniuliza kwa nini nasoma mambo hayo.

Na hiyo bei unayoisema si ngeni kwetu. Adili katika *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert anawachapa nyani wawili kila usiku huku machozi yanamtoka, na wale nyani ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya wao. Adhabu ni yao, lakini kila usiku mwenye mjeledi naye anaumia. Nimesoma fantasia nyingi mpya na sijakuta picha inayouma kama hiyo.

Ya karibuni kwangu ni *Akata Witch* ya Nnedi Okorafor, 2011. Sunny ana miaka 12, ni albino, anaishi Nigeria, na anagundua kwamba yumo katika jamii ya watu wenye nguvu wasiojulikana. Nilichokipenda mno: ukijifunza jambo jipya, fedha zao zinadondoka zenyewe kutoka hewani. Ukibaki mjinga unabaki maskini! Na kile ambacho watu wa kawaida wanakiona ni kasoro ndicho chanzo cha uwezo wako. Orlu, rafiki yake, herufi zinamchanganya anaposoma, na uwezo wake ni kutengua, anafumua vitu na juju za wengine. Pambano la mwisho lilinipitia haraka mno, hilo ndilo lalamiko langu pekee.

Binti wa Juzuu ya Pili

Nimesubiri mtu ataje za Afrika Magharibi ili niseme yangu. *Children of Blood and Bone* ya Tomi Adeyemi, 2018. Sura za mwanzo zilinibeba. Mfalme amewaua wenye nguvu, akiwemo mama wa Zélie, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, na watoto waliobaki na nywele nyeupe wanadharauliwa kila wanapopita. Hasira ya Zélie niliiamini kabisa. Ana haki ya kila neno analolisema.

Ndipo yakaja mapenzi. Inan ni mtoto wa mfalme huyohuyo, ametumwa kumwinda, kijiji cha watu kimechomwa moto katika msako huo, halafu baada ya kurasa si nyingi wanakutana ndotoni na mioyo inalegea. Nilifunga kitabu siku mbili nzima. Sipingi mahasimu kupendana, hadithi hizo nazipenda tangu utotoni, lakini nipeni muda. Nionyesheni anasamehe nini, na kwa nini leo badala ya jana. Hasira niliyoiamini kwa kurasa mia mbili haiwezi kuyeyuka kwa sababu kijana ana macho mazuri.

Jambo la pili ni wasimulizi. Wako watatu, Zélie, Amari na Inan, wote kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Mara nyingi ilibidi nirudi kwenye kichwa cha sura nijue nani anaongea. Amari ndiye aliyeniokoa. Binti wa mfalme anayetetemeka, aliyemwona rafiki yake kijakazi akiuawa na baba yake mwenyewe, anatoroka na hati ya kukunja chini ya nguo. Ushujaa wake unakuja polepole, ukurasa kwa ukurasa. Laiti kitabu kizima kingekuwa chake.

Juzuu ya pili ilitoka 2019, ya tatu ikaja 2024. Kwa miaka hiyo mitano nilisahau nusu ya majina. Siku hizi mfululizo usiokamilika siugusi.

Ajuza wa Kofia

Mimi nitapingana kidogo na mwenye mada, kwa heshima. Si lazima nguvu iwe na bei ndipo hadithi iwe na uzito. Nimemaliza *Howl's Moving Castle* ya Diana Wynne Jones, 1986. Sophie ni dada mkubwa katika watatu, na amejiaminisha kwamba mtoto wa kwanza hafanikiwi kamwe, kwa hiyo ameshajikatia tamaa kabla hajaanza kuishi. Anashona kofia, anaongea nazo, na anayoyasema yanatokea bila yeye kujua. Hakuna anacholipa. Halafu analaaniwa anakuwa bikizee, na hapo ndipo anapoanza kusema anachotaka! Anaingia nyumba ya watu, anafagia, anafoka, anakataa kutoka. Uzee umemwondolea haya.

Nina miaka 58. Nilicheka, kisha nikanyamaza muda mrefu, kwa sababu ni kweli tupu. Mwandishi aliyeandika hivyo kwa ajili ya vijana anawaheshimu sana, na ametuheshimu na sisi. Kuna filamu yake ya mwaka 2004 ambayo wengi mmeiona. Ni nzuri, ila Sophie wa kitabuni ana ulimi mkali zaidi, msiache kumsoma.

Kurasa za Usiku

Shikamoo dada. Nimekuelewa, na kwa Sophie nakubali. Lakini Howl mwenyewe, yule mchawi mwenye nyumba aliyoingia Sophie, je? Uwezo wake umetokana na mkataba na Calcifer, pepo wa moto anayekaa mekoni, na alichotoa ni moyo wake, moyo wenyewe hasa, ndiyo maana hawezi kupenda mtu akadumu naye. Bei ipo, ila imefichwa ndani ya meko mpaka mwisho.

Ajuza wa Kofia

Marahaba mwanangu. Hapo umenishika. Nitairudia kwa jicho hilo.

Samaki Mkavu

Sina mengi. *Northern Lights* ya Philip Pullman, 1995. Katika dunia hiyo roho ya mtu inatembea nje ya mwili wake kwa sura ya mnyama, na ya mtoto inabadilika sura mpaka akue. Kuna watu wanawakamata watoto na kuwakata na roho zao. Lyra anamkuta mvulana mmoja aliyekwisha kukatwa, amejikunyata gizani, amekumbatia samaki mkavu badala ya roho yake. Anafariki, na wanaume wanamtupia mbwa yule samaki. Lyra anawaka kwa hasira.

Nililia. Nimesoma vita vya majeshi elfu na elfu katika fantasia, hakuna kilichonifikia kama samaki yule.

Mlezi wa Mdogo Wangu

Mimi nimerudia kitabu cha zamani, na kurudia huku ndiko uzoefu wangu. *The Hunger Games* ya Suzanne Collins ilitoka 2008. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa na miaka 16, sawa na Katniss, na nilichokuwa nakifuatilia ni nani atampata, Peeta au Gale. Tulibishana na rafiki zangu hadi tukanuniana.

Sasa namlea mdogo wangu tangu wazazi waondoke, ana miaka 12 kama Prim, mdogo wake Katniss. Safari hii sikuweza kupita ile siku ya kuchagua majina ya watoto watakaopelekwa kuuana uwanjani. Jina la Prim linaitwa, Katniss anajitokeza kuchukua nafasi yake, nami nikaweka kitabu chini nikaenda kumwangalia mdogo wangu amelala. Hao wavulana wawili sikuwafikiria hata kidogo. Nilichokiona ni mtoto aliyebeba nyumba nzima, anayehesabu chakula, anayemkasirikia mama yake kwa kuzama kwenye huzuni. Rue, mtoto wa miaka 12 anayeshirikiana na Katniss uwanjani, anapokufa na Katniss anampamba kwa maua, nilielewa kwamba anamzika mdogo wake kabla ya wakati.

Wengi wanalalamika kwamba juzuu ya tatu, *Mockingjay* ya 2010, inamuua Prim na kufanya yote yawe bure. Zamani nilikuwa nao. Sasa naona mwandishi alikataa kutudanganya kuhusu vita. Mtoto uliyeingia motoni kumwokoa anaweza kufa mikononi mwa upande wako mwenyewe. Inauma, na ingekuwa rahisi sana kumwacha hai. Mdogo wangu ameomba akisome. Nimemwambia tutasoma pamoja, kwa sauti, na tutasimama atakapotaka.

Kijana Asiyeona Rangi

Nimesoma yote juu hapo. Mlezi, Mungu akutie nguvu.

Mimi nina swali. *The Giver* ya Lois Lowry, 1993, inaishia kwa Jonas akiwa na kitoto kichanga Gabriel, wamepanda sleji, wanateremka kwenye theluji kuelekea taa anazodhani ni za nyumba zenye watu wanaomngoja. Amefika, au anakufa kwa baridi na hizo taa ni kumbukumbu tu? Nimeusoma mwisho huo neno kwa neno mara nne.

Mlinda Majoka

Yupo hai mkuu. Anatokea tena katika *Messenger*, ya mwandishi huyohuyo, ya 2004, akiwa mtu mzima.

Kijana Asiyeona Rangi

Asante, ingawa moyo wangu umeingiwa na huzuni kidogo. Kwa wiki mbili nilikuwa nikilala nikiwa sijui, na kila usiku nilimfikisha mahali tofauti.

Binti wa Juzuu ya Pili

Basi *Messenger* usiifungue bado. Endelea kumfikisha unakotaka.